Damu Iliyokataa Kuganda

Wewe uliyelala sasa kwenye kitanda cha hospitali, mkono umefungwa mpira na muuguzi anakutafuta mshipa, usigeuze uso. Najua sindano inauma. Angalia hivyo hivyo. Angalia ni kichupa kipi kinajazwa kwanza, angalia mfuniko wake una rangi gani, na ukiona mtu amefungua vichupa viwili anamimina kimoja ndani ya kingine, piga kelele mpaka barabarani wasikie. Mimi nilinyamaza. Tena nilisema asante.

Mimi si muuguzi. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikafundisha darasa la pili mwaka mmoja, nikaolewa. Naandika kwa sababu nimechoka kusimamishwa sokoni na watu wanaouliza, "Mama Exaucé, ni kweli figo zako zilifufuka?" Hazikufufuka. Hazikuwa zimekufa.

Ilikuwa wakati wa mbinzo, wale viwavi wanaouzwa kwa vikombe kila kona. Mtoto wangu Exaucé alikuwa na miezi miwili. Nilianza kutapika siku ya Jumapili, na kuharisha juu yake, na mpaka Jumatano nilikuwa siwezi kukaa bila kuegemea ukuta. Tunaishi Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kisangani. Mume wangu Trésor alinipakia kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, dereva anasukuma, yeye ananishika mgongo, bokilo wangu, yaani mama yake, anafuata nyuma na mtoto. Tukafika kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu.

Wakanitundikia serum, yale maji ya mshipani, chupa juu ya chupa. Kutapika kukakoma. Lakini asubuhi moja nikaangalia miguu yangu nikaona si yangu. Ilikuwa imevimba, inang'aa. Docta akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akakitoa, na shimo likabaki. Akasema "figo", lakini hakuniambia mimi. Aliuambia ukuta.

Bon, lazima muelewe namna tunavyofanya kwetu. Kituo hakina mashine ya kupima vitu vya ndani ya damu. Mashine iko mjini, ng'ambo. Muuguzi anatoa damu, anafunga vichupa kwa kitambaa, na mtu wa familia anavipeleka kwa pirogue, mtumbwi wa kuvukia, anakaa navyo juu ya mapaja kama amebeba mayai. Anarudi na karatasi. Maabara haimwoni mgonjwa. Mgonjwa haoni maabara.

Vichupa ni viwili: kimoja mfuniko mwekundu, kingine zambarau, sisi tunasema mauve. Muuguzi kijana alinitoboa mara nne bila kupata kitu. Mishipa yangu ilikuwa imejificha. Ndipo akaja Mama Bibiche, muuguzi mkubwa, mwenye mikono laini kuliko yote pale Lubunga. Wanawake wengi wa mtaa wetu wamezalia mikononi mwake, hata mimi. Akapapasa, akapata mshipa mmoja mwembamba mgongoni mwa kiganja. Damu ikaja kidogo kidogo. Akajaza ya mauve kwanza.

"Juu ya nini unaanza na hii?" nilimwuliza, ili tu nisifikirie sindano.

"Hii haiharibikake njiani, mwanangu. Damu inabaki maji."

Ya mauve ikajaa. Akaweka nyekundu. Matone matatu, manne, mshipa ukafunga.

"Haitoshi," akasema. "Nikutobole tena?"

"Mama Bibiche, nakuomba kwa jina la Yesu. Usinitobole tena."

Akaniangalia. Alikuwa na huruma, na hilo ndilo linanikasirisha mpaka leo. Akafungua mifuniko yote miwili, akainamisha ya mauve, akamimina nusu ndani ya nyekundu. Akafunga. Akaipangusa kwa pamba.

"Damu si iko moja tu? Ya mutu moja."

Nikasema asante, mama. Nililia kwa furaha.

Trésor alirudi jioni na karatasi. Docta aliisoma amesimama, kisha akakaa. Potasiamu ilikuwa juu sana. Kalisiamu ilikuwa imeanguka chini kabisa. Figo yenyewe hawakupima, dawa ya kuipimia ilikuwa imeisha pale maabara. "Lakini na miguu hii na namba hizi, sina haja ya kuuliza zaidi," docta akasema. Na chini ya karatasi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *damu haikuganda.*

"Potasiamu ikipanda hivi," docta akaniambia, sasa ananiambia mimi, "moyo unasimama bila kubisha hodi."

Mtu akishakuambia hivyo, unaanza kuusikiliza. Nilikuwa nalala na mkono kifuani kama mtu anayelinda mlango.

Akanipa kidonge cha kukojoza, asubuhi na mchana. Akaandika orodha ya vyakula vya kukataa: ndizi mbivu, makemba yaani ndizi za kupika, pondu ya majani ya muhogo, maharagwe, nyanya, parachichi. Jamani, mtu wa Kisangani ukimnyima makemba na pondu umembakizia nini? Wali mweupe na samaki wa kuchemsha maji mawili. Bokilo aliibandika orodha ile ukutani juu ya kitanda changu.

Lakini kilichomkamata yeye hakikuwa potasiamu. Kilikuwa yale maneno ya kalamu. Alimfanya Trésor amsomee mara mbili, kisha akasema taratibu, "Damu yenye inakataa kuganda, hiyo iko na mwenyewe." Kwake huo ulikuwa uchawi, na tangu siku hiyo hakunywa tena kwenye kikombe changu.

Kwenye kitanda cha mbele yangu alilala papa mmoja, mzee wa Basoko, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha. Naye alikuwa na karatasi kama yangu, orodha kama yangu. Alikuwa mtu wa mzaha. Kila asubuhi aliita, "Binti ya potasiamu, umeamuka?" Nami najibu, "Niko, baba ya potasiamu." Siku walipoleta wali mweupe aliuinua mbele ya dirisha: "Mama, wali huu uko msafi sana, hata Shetani anaweza kuula bila kuchafuka." Tulicheka mpaka mgonjwa wa pembeni akatugombeza. Baada ya siku tisa familia yake ikamchukua kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, kumrudisha Basoko. Aliondoka amebebwa. Siku alipoingia kituoni alikuwa akitembea. Niliona hilo kwa macho yangu na sikulifikiria hata kidogo.

Miguu yangu ikashuka, docta akafurahi. Lakini vitu vingine vikaanza. Nyama za miguu zikawa zinajikaza ghafla, nauma shanga za shingoni nisipige kelele. Nikichuchumaa chooni siwezi kusimama, lazima niite mtu. Moyo ukaanza kuruka, unapiga, unanyamaza, unapiga mara mbili kwa haraka, kama samaki ndani ya beseni. Na siku moja nilitaka kumwinua Exaucé kutoka kwenye mkeka, mikono ikakataa. Mtoto wa miezi miwili na nusu. Nikabaki nimeinama juu yake, yeye ananicheka.

"Ni ile potasiamu," docta akasema. Akaongeza kidonge.

Mnaona? Kila dalili iliyoongezeka iliipa karatasi nguvu. Hakuna aliyeuliza karatasi.

Mara ya pili ya kutoa damu, nilimwomba Mama Bibiche mwenyewe, nikakataa wengine. Akanitoboa mara moja tu. Mshipa ukafunga tena. Akanikonyeza: "Kama kawaida yetu?" Kama kawaida yetu. Tulikuwa kama marafiki wawili wanaoficha kitu kizuri. Karatasi ikarudi mbaya kuliko ya kwanza, na chini yake, kwa kalamu: *damu haikuganda.*

Ilipokaribia mara ya tatu, mvua kubwa zilikuwa zimeshaanza na mto ulikuwa umepanda. Hapo nilikuwa nyumbani, docta aliniruhusu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kunifanyia. Alimweleza Trésor kwamba mashine ya kusafisha damu iko Kinshasa. Trésor anatengeneza pikipiki. Hata nauli ya kufika huko hana.

Ndipo walianza kumzoesha mtoto kutokuwepo kwangu.

Hakuna aliyeniambia. Niliona tu. Bokilo akaanza kulala naye. Akaanza kumpa uji kwa kijiko kidogo, mtoto wa miezi mitatu, anautema, anamrudishia. Nikimwita anyonye: "Acha apumzike, ametoka kula." Akilia anapelekwa uani, mbali na sauti yangu, na nikiimba anaimba yeye kwa nguvu zaidi. Sikuwa na nguvu za kugombana. Nilikuwa mgeni anayeangalia jinsi nyumba itakavyokuwa akishaondoka.

Siku moja jirani alisahau bakuli la lituma karibu yangu, zile makemba za kupondwa, na harufu ya mawese. Nikachota kwa vidole. Trésor akaingia akanikamata mdomo umejaa.

"Tema."

Nikatikisa kichwa.

"Tema, nasema! Unataka kuniachia mutoto na mikono hii miwili ya grisi?"

Akanikamua mashavu kama unavyomkamua mbwa aliyeokota mfupa. Nikatema. Kisha akakaa chini akalia, na mimi sikumhurumia. Baadaye ndipo nilijua kwamba nilikuwa nimetema dawa.

Uamuzi ukatoka: Jumamosi nitapanda baleinière kwenda Yanonge, kwa mama yangu. Exaucé atabaki. "Safari ni mbaya kwa mutoto," bokilo akasema. Sote tulijua ilikuwa safari gani. Alhamisi, Mama Bibiche alikuja nyumbani kutoa damu hiyo ya tatu, ya mwisho, ili niende na karatasi mpya. Kama kawaida yetu.

Trésor akaipeleka. Akarudi bila karatasi, na hasira.

"Mukubwa wa maabara, Papa Saidi, anakataa kuandika. Anasema anataka kukuona weye mwenyewe."

"Juu ya nini?"

"Hakusema. Aliniuliza tu, 'Huyu mugonjwa angali hai?' Nikasema iko hai. Akasema, 'Anatembea?' Nikasema kidogo. Akasema, 'Umulete.'"

Basi Jumamosi tulivuka mapema, na begi langu la Yanonge. Exaucé nilimwacha amelala. Sikumbusu, niliogopa ataamka na mimi nitashindwa kuondoka.

Papa Saidi ni mzee mwenye kofia nyeupe, wa zile familia za Kiislamu za zamani za mjini. Hakuniangalia uso kwanza. Aliangalia miguu.

"Mugonjwa njo weye?"

"Ni mimi, papa."

"Umeingia hapa na miguu yako?"

"Yangu. Pole pole."

"Alors, keti. Kalisiamu kama hii, mutu anakunjamana kama kuku wenye wanachinja. Na weye unanisalimia." Akainua kichupa chenye mfuniko mwekundu mbele ya dirisha, akakitikisa. "Ndani ya hii nyekundu hakuna dawa yoyote. Damu ikiingia, inaganda, inakuwa kama ini. Lazima. Angalia yako sasa. Imelala kama maji mekundu ya ngai-ngai. Tangu Alhamisi."

Nikaiona ikitembea ndani ya kioo. Nikamkumbuka bokilo: hiyo iko na mwenyewe.

"Nani alikutobola?"

Nikamwambia.

"Alijaza ipi kwanza?"

"Ya mauve."

"Na hii nyekundu?"

Nikajibu kama mtu anayemsifu mwenzake: "Ilikuwa haitoshi. Akanisaidia, akaongeza."

Akakiweka kichupa chini taratibu sana.

"Akaongeza na nini, mwanangu?"

"Na ile ya mauve," nikasema, pole pole.

Alinionyesha kichupa kitupu cha mauve. Pembeni, ndani, kulikuwa na ukungu mweupe, kidogo kama chembe za chumvi. "Hii dawa njo inazuia damu isigande. Imetengenezwa na potasiamu. Tena inakamata kalisiamu yote ya damu, haiachilie. Kwa kuhesabu chembe za damu, ni sawa, haina shida. Kwa hii kazi ingine, ni sumu ya karatasi. Ukiimimina ndani ya nyekundu, mashine inasoma dawa. Mara tatu tumepima kichupa. Weye, hatuyakupima hata siku moja."

"Mara mbili mliandika damu haikuganda," nikamwambia. Sauti yangu sikuitambua. "Mliandika. Hamkuuliza?"

"Wanafunzi waliandika. Mimi nikatia sahihi." Hakuficha macho. "Ni kosa langu pia. Lete mkono."

Sindano ya kwanza haikupata kitu. Akaniangalia, anangoja nimwombe.

"Tobola," nikasema.

Ya pili ikapata. Akajaza nyekundu kwanza, mpaka juu, kisha mauve. Nyekundu akaisimamisha dirishani. "Tunangoja."

Ukumbini palikuwa na benchi moja na watu kumi na wawili, mwanamke mmoja ananyonyesha, nami maziwa yangu yakaniuma. Kutoka chini mtoni tulisikia injini ya baleinière ikijaribiwa. Trésor alikuwa amesimama mlangoni na begi.

"Haitatungoja," akasema.

"Iende."

"Na kama huyu mzee amekosea?"

"Trésor. Iende."

Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kwenda mbali. Sauti ilipoisha, Papa Saidi alikuja na kichupa. Akakiinamisha mbele yangu. Damu haikutembea. Ilikuwa imeganda, nyeusi, imara, na maji ya njano juu yake. Nikaomba nikishike. Kilikuwa bado na joto kidogo. Sijawahi kushika kitu kilichokuwa changu namna ile, isipokuwa mtoto.

Mashine ikatoa karatasi. Potasiamu ilikuwa chini.

"Chini namna gani?" Trésor akauliza.

"Chini ya kutisha. Njo inafanya moyo unaruka. Kile kidonge cha kukojoza kinaitoa, na chakula mumemukataza kuirudisha. Wiki moja ingine..." Aliandika barua kwa docta, akaipigia mstari mahali pawili. "Kidonge kimekwisha leo. Na mama huyu akule makemba. Akule pondu. Akule kila kitu cha ile orodha."

Na figo? Dawa ya kuzipimia ilikuwa imefika wiki ile. Zilikuwa nzima. Miguu ilikuwa imevimba kwa maji ya serum tu.

Trésor alitoka. Alirudi na chane la ndizi mbivu, akapiga magoti pale ukumbini mbele ya watu kumi na wawili, akamenya moja, akanipa. Hakusema nisamehe. Alimenya ya pili.

Exaucé alikataa ziwa langu siku mbili. Aligeuza uso, akamtafuta bibi yake. Siku ya tatu bokilo mwenyewe alimleta, akamweka kifuani pangu, akatoka nje akafunga mlango. Alinyonya. Mpaka leo mimi na bokilo hatujazungumza juu ya uji ule, lakini anakunywa kwenye kikombe changu.

Nilipompelekea docta barua, aliisoma akavuta pumzi. "Ça arrive," akasema. Inatokea. Nikamwambia: inatokea kwa nani, docta? Kwako imetokea? Akatafuta kalamu yake mezani, ilikuwa mfukoni.

Nguvu zilirudi polepole. Wakati mvua zinapungua niliweza kusimama chooni peke yangu. Mahindi mabichi yalipofika sokoni nilimbeba mtoto mgongoni. Siku hiyo nikaenda kwa Mama Bibiche. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mengine siwezi kuyaandika.

"Uliniua," nikamwambia.

Alikuwa ameshajua, docta alimwambia. Alikuwa anakunja bendeji, hakuacha kukunja. "Ni weye ulisema nisikutobole."

"Mimi nilikuwa mgonjwa! Kuombaomba ni kazi ya mgonjwa. Kazi yako ni kukataa!"

"Miaka yangu yote ya kazi, mwanangu, hakuna mutu aliniambia. Damu iko moja, nilijua hivyo. Nilifanya juu ya huruma."

"Na ule papa wa Basoko? Mushipa yake ilifunga pia?"

Mikono ikasimama.

Tulikuwa tumesikia habari zake kutoka kwa wauza samaki. Alifariki kabla ya mvua kukatika. Labda figo zake kweli zilikuwa mbaya. Labda. Yule hakupata mtu wa kumwuliza kama angali anatembea. Mama Bibiche alikaa juu ya kiti, akaweka bendeji mapajani. Kama naye alimiminiwa, sitajua kamwe. Wangapi wengine? Nilitoka bila kuaga.

Ningependa kumalizia hapo, na hasira yangu mkononi. Lakini juzi, mbinzo zimerudi sokoni, Exaucé alianza kutapika.

Siku mbili, juu na chini, macho yameingia ndani. Docta akataka damu, vichupa viwili, ng'ambo. Zamu ilikuwa ya Mama Bibiche. Hakukuwa na mwingine.

Alifunga mpira kwenye kale kamkono. Akachukua nyekundu kwanza, akanionyesha. Mtoto akaruka, sindano ikateleza, damu ikaja nusu kidole, ikakatika. Akajaribu kukamua. Wapi.

"Haitoshi," akasema.

Alibaki ameshika kichupa. Exaucé alikuwa ameacha kulia kwa kuchoka, ananiangalia, na lile neno moja analolijua la kuomba: "Mama. Mama. Mama."

Kichupa cha mauve kilikuwa mezani, kitupu, na chumvi yake pembeni.

"Mutobole tena," nikasema.

Nikamfunga miguu kwa mapaja yangu, nikamshika mkono wa pili juu ya meza, uwe wazi. Akapiga kelele ambayo sitaisahau. Sikugeuza uso.